Sabuni ya mwani na makonyo kutoka Micheweni, Pemba: sabuni nzuri, lebo haisemi kweli

Gramu 100. Shilingi 3,000 ukiifuata mwenyewe kijijini, 5,000 ukiikuta dukani Chake Chake. Rangi yake ni kama chai ya maziwa iliyokolea, imekatwa kwa waya kwa hiyo pembe zake hazilingani, na ndani ina vidoadoa vyeusivyeusi ambavyo ni unga wa mwani. Harufu yake ni ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Nimeitumia miezi miwili na siku kidogo, vipande 6, kwangu Wete na kwa mamangu. Naipa nyota nne katika tano. Ile moja niliyoizuia haihusiani na sabuni. Inahusu maneno matatu yaliyochapishwa kwenye karatasi yake, na nitayafikia.

Niliinunua kwa ajili ya mikono ya mamangu. Alianza kulima mwani mwaka 1992, mie niko darasa la tatu, na ameuacha juzi tu magoti yalipomkataa. Mtu asiyekaa na mkulima wa mwani hajui mikono hiyo. Bamvua (maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu) likifika na bahari ikatoka, mama yuko majini tangu asubuhi: anapigilia vigingi, anafunga kamba, anaunga vipande vya mbegu kwa tai-tai, kamba nyembamba za plastiki, kimoja baada ya kimoja, mamia kwa siku moja. Chumvi inakausha ngozi, tai-tai zinaikata, kesho yake chumvi inaingia palepale ilipokatika. Vidole vyake vina mistari mieupe ambayo haijawahi kupona. Sabuni za dukani zinamwasha, hivyo kwa miaka mingi amekuwa akinawa maji matupu na kujipaka mafuta ya nazi.

Tulipokuwa wadogo hatukujua mwani unakwenda kufanywa nini. Tuliufunga kwenye viroba, tukaupandisha kwenye mzani wa mnunuzi, tukapokea tulichopewa. Kilo kumi mbichi zikianikwa hazifiki kilo mbili, na hizo mbili zilikuwa hazinunui hata kilo ya mchele. Watu wazima walikuwa wakisema unatengenezewa rangi. Wengine dawa. Mtoto mmoja skuli aliapa kuwa unatengenezewa mabomu, na sote tukamwamini. Nilipofika chuo kusomea ualimu wa kemia ndipo nilipofungua kitabu nikakuta neno karaginani, na picha ya mmea ambao nimekuwa nikiufunga kwa tai-tai tangu utotoni. Niliitazama ile picha kwa muda mrefu.

Karaginani ni aina ya sukari ndefu, myororo wa galaktosi uliobeba salfa, inayokaa kwenye kuta za chembe za mwani mwekundu. Ukiuchemsha mwani, inatoka na kuyafanya maji yawe mazito. Ndiyo inayoshikilia dawa ya meno isimwagike kwenye mswaki, na ndiyo inayozuia aiskrimu isigeuke chenga za barafu. Mwani mwembamba, ule wakulima wanaouita spinosamu, hutoa karaginani inayoganda kwa ulaini na kupenda kalsiamu. Kotonii, ule mnene, hutoa inayoganda kwa ugumu ikikutana na potasiamu, na ndiyo inayolipwa bei nzuri zaidi. Kwa bahati mbaya ni kotonii hasa inayokufa kwetu. Maji ya kina kifupi yakipata joto wakati wa kupwa, matawi yanageuka meupe na kukatika kama yaliyochomwa, na mkulima akirudi bamvua linalofuata anakuta kamba tupu.

Jambo hili la mwani halikuletwa na wanunuzi peke yao. Lina utafiti nyuma yake, na sehemu kubwa ya utafiti huo ni ya watu wa nchi hii. Profesa Keto Mshigeni, mtu wa Upare, alikwenda kusomea mwani Hawaii, akarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaanza kuhesabu na kuainisha mwani wa pwani yetu na kushikilia kuwa unaweza kulimwa badala ya kuokotwa tu. Majaribio yalifanyika miaka ya 1980, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza mashariki ya Unguja, kisha kikavuka kuja Pemba, ambako leo ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Aina zile zimo baharini mwetu tangu zamani, ila mbegu iliyoenea mashambani ililetwa kutoka Ufilipino. Baadaye Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1978 chini ya chuo kikuu hichohicho, ikamtoa Dkt. Flower Msuya, ambaye amekaa na wakulima wanawake miaka mingi: kuwajaribia kulima kotonii maji ya kina kwa nyavu za mfano wa bomba, na kuwafundisha kuutengeneza mwani kitu kabla ya kuuza. Sabuni ni miongoni mwa vitu hivyo. Kwa hiyo ninapoishika sabuni hii nashika kazi ya maabara na kazi ya mamangu kwa pamoja, na ndiyo sababu siwezi kuandika juu yake mistari miwili nikaacha.

Sasa sabuni yenyewe.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuipima. Mzani wangu wa skuli ulisoma gramu 97, na baada ya mwezi kipande kilekile ambacho sikukitumia kilisoma 94. Hakuna wizi hapo. Sabuni ya kumimina kwenye kalibu bila kupikwa huanza na maji mengi, nayo hutoka polepole hata baada ya kufungwa. Nimewashauri wanakikundi wanaoitengeneza kijijini wakate kubwa kidogo ili mnunuzi aliyepima asinung'unike. Cha pili, karatasi ya pH, inayoonyesha uasidi na ualkali. Nilisugua povu juu yake ikasoma baina ya 9 na 10, palepale panapotakiwa kwa sabuni ya kweli. Ambaye hana karatasi hiyo atumie manjano: kila aliyewahi kufua nguo iliyomwagikiwa mchuzi anajua kuwa doa la manjano likiguswa na sabuni linageuka jekundu. Hiyo ni alama kuwa sabuni ina ualkali, na sabuni zote za mafuta na kostiki (haidroksidi ya sodiamu, ile alkali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) ziko hivyo. Ila manjano hayakwambii umezidi kiasi gani. Karatasi inakwambia.

Kipande kimoja kati ya sita kilikuwa na unga mweupe juu, kama majivu. Duka moja la Chake waliniambia wateja huzirudisha za namna hiyo wakidhani zimeota ukungu. Si ukungu. Kostiki iliyokuwa juu kabisa ilikutana na hewa ya kaboni kabla ya kukutana na mafuta, ikageuka kabonati ya sodiamu, jamaa wa karibu wa magadi tunayotilia maharage. Inafutika kwa kitambaa chenye maji. Usiirudishe.

Povu ndilo lililonifurahisha zaidi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni jambo la kwetu.

Visima vya upande wa Micheweni vimechimbwa kwenye maweni. Mvua inashuka na hewa ya kaboni ndani yake, inapita kwenye mawe ya matumbawe ya kale, inayayeyusha kidogokidogo, na maji yanayofika kisimani yamebeba kalsiamu tele. Ndiyo maana birika za huko zina ukoko mweupe ndani, na ndiyo maana ukinawa kwa sabuni ya mche unabaki na utando unaonata ambao hautoki: sabuni imeungana na kalsiamu na kuganda, povu hakuna. Watu wa pale wamezoea kudhani sabuni ni mbovu au maji yana kasoro. Vyote vizima, ila havipatani.

Nilichukua chupa nne za nusu lita. Ya kwanza nikatia maji ya mvua, ya pili maji ya bomba ya Wete, ya tatu maji ya kisima cha kijijini, ya nne maji ya bahari. Kila moja robo yake tu. Nikakwangua gramu moja ya sabuni ya mwani kwenye kila chupa, nikaiacha iyeyuke, nikaitikisa mara 20, nikapima povu kwa rula. Maji ya mvua yalitoa sentimita 9. Bomba 7. Kisima 4, pamoja na chenga nyeupe zikielea. Bahari 2. Nikafanya vilevile kwa sabuni ya mche: mvua 7, bomba 5, kisima chini ya 1, bahari hakuna kitu. Nilirudia siku ya pili na tofauti haikuzidi sentimita moja.

Sentimita 4 kwenye maji ya kisima ni jambo kubwa kwa mtu anayechota maji hayo kila siku. Sababu yake ni mafuta ya nazi. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, ambayo mkia wa molekuli yake ni mfupi, na sabuni yenye mkia mfupi huyeyuka vizuri hata penye chumvi. Mabaharia walikuwa wakitumia sabuni ya nazi kuogea maji ya bahari kwa sababu hiyohiyo. Mamangu alikwenda nayo ufukweni mwenyewe, akanawa pale, akarudi akaniambia, "Inatoa povu baharini, mwanangu. Tulikuwa wapi na hii?"

Sabuni ya nazi tupu ina ubaya wake: inasafisha mno, inaondoa hata mafuta ya ngozi, mtu anabaki amepauka. Hapa ndipo ufundi wa kikundi kile unapoonekana, na ilibidi niende mwenyewe kuuona.

Nilikwenda Jumamosi. Wanafanyia kazi ukumbini kwa mwenyekiti wao, mtu mzima wa miaka sitini na kitu ambaye tumeitana somo kwa sababu majina yetu ni mamoja. Nilimwamkia, akaniuliza mamangu hajambo, akanikaribisha mkekani, akaniletea uji wa mtama kabla hajanionyesha chochote. Kisha akatoa daftari. Daftari la mistari, limechakaa, limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani watu wa umri wake. Kila siku waliyotengeneza sabuni imo: mafuta kiasi gani, kostiki kiasi gani, maji, mvua ilinyesha au jua, sabuni ilishika baada ya muda gani, ilitoka nzuri au mbaya. Miaka minne. Nina wanafunzi wa kidato cha nne ambao ninawasihi kila wiki waandike vipimo vyao hivyo.

Kilo moja ya mafuta ya nazi hula takriban gramu 183 za kostiki mpaka yote yageuke sabuni. Wao wanatia 165. Maana yake sehemu moja katika kumi ya mafuta inabaki mafuta, na hiyo ndiyo inayoizuia ngozi isipauke. Nikamuuliza somo amejifunzaje namba hiyo. Kwenye mafunzo walipewa 174, akaniambia, lakini ngozi za wakulima wa mwani zikalalamika, wakashuka. Walijaribu 170, 165, 160. Ya 160 ilikuwa laini ikiyeyuka haraka na ikanuka mafuta ya zamani baada ya miezi mitatu. Wakarudi 165 wakaishia hapo. Yote yamo daftarini.

Kostiki wanaitia kwenye maji. Hawamimini maji juu ya kostiki, maana joto linapanda ghafla na yanaweza kuruka usoni. Wanatumia ndoo nene ya plastiki na mwiko wa mti. Mwaka wa kwanza walitumia sufuria. Mama mmoja aliyekuwapo alinisimulia huku akishika kifua: maji yalianza kuchemka bila moto, sufuria ikatoa mapovu, moshi wenye harufu kali, na sufuria ya harusi ya mtoto wake ikatoboka. Alidhani ni mambo ya mashetani. Ni alumini. Kostiki inaila alumini na kutoa hewa ya haidrojeni, ambayo ikikutana na moto inalipuka, na jiko la kuni lilikuwa hatua tatu kutoka pale. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Nilimweleza, akasema, "Basi ndiyo maana tukaandika: sufuria haramu." Kweli imo daftarini, imepigiwa mstari.

Mwani wanaotumia ni spinosamu, kwa sababu ndio ulioko na ndio wa bei ya chini. Wanauosha maji matatu kuutoa chumvi, wanauanika juu ya chanja, wanausaga kwenye mashine ya nafaka ambayo wenyewe wameinunua kwa kazi hiyo tu. Nusu ya unga unachemshwa uwe kama uji ule mzito, unaingizwa kwenye mafuta. Nusu nyingine inatiwa kavu mwishoni. Ule uji ndio wenye karaginani, na unaisikia: sabuni inateleza mkononi kwa namna ambayo sabuni ya nazi tupu haitelezi, na povu lake ni zito, linakaa. Unga mkavu unasugua kidogo. Kwa mikono ni mzuri, kwa uso mie siupendi.

Harufu inatoka kwenye makonyo. Karafuu zenyewe zinakwenda sokoni, hivi ni vikonyo vinavyobaki baada ya kuchambua, ambavyo hukamuliwa mafuta kwa mvuke kwenye kiwanda cha makonyo pale Wawi. Kuna jambo zuri katika ukamuaji huu. Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, peke yake haichemki mpaka nyuzi 254. Lakini ukiipitishia mvuke, inapanda pamoja nao kwenye joto ambalo halifiki hata 100, kisha vinapozwa na kutengana. Jina lenyewe limetoka kwenye mkarafuu: zamani mti huu uliitwa Eugenia kwa jina la kitaalamu, kabla ya kubadilishwa kuwa Syzygium. Yaani kuna kitu kinachotajwa katika maabara na kliniki za meno za dunia nzima kwa jina lililotokana na mti ulioko nyuma ya nyumba zetu.

Mafuta ya makonyo yakiwa safi huzama kwenye maji. Somo alinionyesha: alidondosha tone kwenye glasi, likashuka mpaka chini likakaa kama lulu. Aliwahi kuuziwa na mchuuzi mafuta yaliyochanganywa ya kupikia, tone likaelea, akayakataa palepale. Pia wamejifunza kuyatia mwisho kabisa na kwa uchache, kwa sababu yujenoli inaifanya sabuni ishike ghafla ndani ya ndoo kabla haijamiminwa, na inaipa hiyo rangi ya chai. Mteja anayetaka sabuni nyeupe asiwalaumu.

Uchache huo ni muhimu kwa ngozi vilevile. Kijana wangu aliitumia kunyolea ndevu, uso ukamwasha mpaka jioni. Yujenoli haipendi ngozi iliyochunwa, na wako watu ambao mwili wao unaikataa kabisa. Usimwogeshee mtoto mchanga. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, ngoja siku nzima.

Baada ya kumiminwa hukatwa siku ya pili na kukaa rafuni wiki sita. Kwa watu wawili kipande kinakwenda wiki tatu, kama utakiweka pakavu. Kwenye kisahani cha plastiki kilichotuamisha maji nilikipoteza kimoja kwa siku tisa, kikawa ute. Sabuni hii haijaondolewa glisirini kama nyingi za viwandani, na glisirini inavuta maji hata ya hewani. Iweke juu ya kifuu kilichotobolewa, au kwenye vijiti. Msimu wa masika zidisha uangalifu.

Mikono ya mama: mistari ipo, haikufutika na haitafutika. Lakini anaitumia asubuhi na jioni, na hajalalamika kuwashwa tangu siku ya kwanza. Ngozi baina ya vidole imelainika. Kwangu hilo linatosha kununua tena.

Sasa lebo.

Juu ya karatasi, kwa herufi kubwa za kijani: HAINA KEMIKALI KABISA. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuwa inaondoa chunusi, mabaka na kurejesha ujana. La ujana nitalipitia haraka: povu linakaa ngozini nusu dakika kisha linakwenda na maji, halirejeshi miaka ya mtu. Lifutwe. Lile la kwanza ndilo lililoniuma, nikamuuliza somo kwa adabu palepale mkekani.

"Somo, sabuni hii umeitia kostiki?"

"Nimeitia, si umeona."

"Na kostiki ni nini?"

Akanyamaza kidogo. "Ni kemikali, Mwalimu. Lakini ikishakuwa sabuni, kostiki haimo tena. Imekwisha. Imegeuka."

Nilishindwa kujibu mara moja. Hilo ndilo jibu ninalolitafuta darasani mwaka hadi mwaka, kuwa vitu viwili vikiungana hupotea na kinazaliwa cha tatu ambacho si hiki wala kile, na wanafunzi wananiandikia ubaoni milinganyo iliyosawazishwa vizuri bila kuelewa hilo. Huyu hajawahi kuuona mlinganyo. Amekaa na ndoo miaka minne, amepima, ameandika, na amefika.

Nikamwambia, basi hilo ndilo liandikwe. Akasema lebo walifanyiwa na kijana wa mjini, aliyewaambia wageni wanaogopa neno kemikali na bila maneno yale hawatanunua. Huenda kijana huyo anajua soko kuliko mie. Lakini maji ni kemikali. Karaginani ni kemikali, yujenoli ni kemikali, na zote zimetoka kwenye bahari ya Micheweni na mashamba ya Pemba. Karatasi inayosema hazimo inamnyang'anya somo kazi yake. Inamfanya mtu aliyepima gramu 165 kwa kilo, akakataa 174 na 160 kwa ushahidi, aonekane ameokota sabuni mtini.

Na ina hatari. Nimeuona mkono wa mtoto aliyeshika chupa ya juisi ambamo mtu mwingine, kijiji kingine, alikuwa ameweka maji ya kostiki ya sabuni "asilia". Ngozi ilitoka. Watu wakiambiwa sabuni hizi hazina kemikali, mwenye kutaka kujifunza anaona hakuna cha kuogopa: hatafuti glavu, hafungi chupa, haandiki juu yake. Kwa somo kostiki iko kwenye kopo lenye kifuniko cha kukaza, juu ya kabati, na imechorwa fuvu kwa makaa. Wanaojua wanaogopa inavyostahiki, na lebo yao inawaambia wengine wasiogope.

Wiki iliyofuata niliwapeleka wanafunzi wangu 14. Tulichemsha mwani saa nzima kwenye maji yenye magadi kidogo, tukauchuja kwa kitambaa, tukaumimina ule ute kwenye spiriti ya hospitali mara mbili ya ujazo wake. Karaginani ikajikusanya papo hapo, nyuzinyuzi nyeupe kama mkonge ulioloweshwa, unaweza kuzitoa kwa kijiti. Msichana mmoja ambaye bibi yake analima mwani alizizungusha kwenye kalamu yake akakataa kuziweka chini. Kisha somo akawaeleza juu ya sufuria iliyotoboka, na walimsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mie.

Tuliandika lebo mpya siku hiyo kwa penseli, wao wakisema na mie nikiandika: mafuta ya nazi, maji, haidroksidi ya sodiamu ambayo imekwisha kugeuka sabuni, mwani wa Micheweni, mafuta ya makonyo. Kwa mikono na mwili. Ngozi iliyokatika na watoto wachanga hapana. Somo aliomba liongezwe neno moja, kuwa imepimwa. Tukaliongeza.

Wameshalipia karatasi 1,000 za zamani na zimebaki kama 600, nao si watu wa kutupa kitu kilicholipiwa. Kwa hiyo ukiikuta Chake au Konde miezi hii bado utasoma kuwa haina kemikali. Nunua tu. Ukifika kijijini kwenyewe, nenda asubuhi maji yakiwa yamejaa, maana yakitoka wote wako shambani, na muombe somo akuonyeshe daftari.